UZI: Majina ya kale ya dawa za maumivu na ya elektrodi, na jinsi ya kuyasoma bila kumuumiza mgonjwa

Mkemia_Ngara

Habari zenu wadau. Uzi huu ni wa wanafunzi wa famasia, uuguzi na fiziotherapia, pamoja na yeyote anayepanga kabati la zamani la hospitali au anayenunua vitabu vya udaktari vya mitumba hapa Nairobi. Vitabu hivyo vina mengi mazuri, ila vimejaa majina ambayo siku hizi hayafundishwi darasani. Ukiyasoma visivyo, unaweza kumpa mtu dozi mara ishirini au kumchoma ngozi. Naanza na dawa. Wenzangu wa umeme mtamalizia.

Kwanza tutenganishe maneno mawili yanayokaa jirani kwenye faharasa: anodaini na anodi. Hayana undugu wowote. Anodaini ni Kigiriki, *an-* ya kukanusha na *odyne*, maumivu. Ni jina la zamani la dawa yoyote ya kutuliza maumivu. Anodi, mojawapo ya ncha mbili za umeme (elektrodi), imetoka kwa *ana*, juu, na *hodos*, njia. Kwa hiyo ukikuta "anodal" katika kitabu cha tiba cha 1900 hivi, hapo hakuna dawa ya kunywa, huo ni umeme.

Sasa dawa zenyewe. Laudanamu ni Tinctura Opii, yaani kasumba iliyolowekwa katika pombe. Jina hili lilianza na Paracelsus karne ya 16, lakini mchanganyiko wake ulikuwa mwingine. Karne ya 17 Thomas Sydenham alitengeneza yake kwa divai, zafarani, mdalasini na karafuu. Ile ya famakopia (vitabu rasmi vya viwango vya dawa) za karne ya 20 imesanifishwa iwe na mofini asilimia 1, yaani miligramu 10 katika kila mililita. Hizo ni dawa tatu zenye jina moja, na kitabu hakikwambii ni ipi mpaka uangalie mwaka kilipochapishwa.

Hatari kubwa zaidi ni paregoriki. Kwenye lebo huandikwa Tinctura Opii Camphorata, tinkcha ya kasumba yenye kafuri. Mofini yake kwa kipimo cha Uingereza ni miligramu 0.5 kwa mililita, na kwa kipimo cha Marekani 0.4. Kijiko cha chai cha paregoriki, mililita 5, kina mofini miligramu 2.5. Kijiko hichohicho cha laudanamu kina miligramu 50. Lebo zote mbili zinaanza na "Tinct. Opii", na anayesoma haraka huishia hapo. Neno la mwisho ndilo linalomtenganisha mgonjwa na kaburi, kwa hiyo lebo isomwe mpaka mwisho.

Unga wa Dover, wa Thomas Dover, 1732, una asilimia 10 ya kasumba na asilimia 10 ya ipekakuana, mzizi wa kutapisha. Iliyobaki ni chumvi ya sulfati ya potasiamu, au sukari ya maziwa katika matoleo ya baadaye. Anayeandikiwa grein 10 (grein ni kipimo cha kale cha uzito) za unga amepewa grein 1 ya kasumba. Klorodaini ni jina lililoundwa kwa klorofomu na anodaini. Ile ya Collis Browne ilikuwa na laudanamu, klorofomu na tinkcha ya bangi. Wengine waliliiga jina hilo na kuweka vitu vyao, kwa hiyo klorodaini bila orodha ya viungo haina maana.

Halafu kuna Anodaini ya Hoffmann, ambayo kwa sehemu kubwa ni etha na pombe kali. Huyu ni Friedrich Hoffmann wa Halle, aliyefariki 1742. Msimchanganye na Felix Hoffmann wa kampuni ya Bayer, ambaye 1897 alitengeneza asidi asetilisalisiliki safi, dawa iliyokuja kuitwa Aspirin.

Nesi_Kayole

Asante daktari. Kitabu changu kinasema "Aspirin gr. x t.d.s. p.c." Hiyo gr ni gramu? Gramu 10 mara tatu kwa siku haiingii akilini. Na pengine pameandikwa "Morph. gr. ¼" na "Tinct. Opii m. xv". Hiyo m ni mililita?

Dawa_na_Mizani

Dada, akili yako imekuongoza vizuri. Gr. ni grein. Grein 1 ni miligramu 64.8, na gramu 1 ni grein 15.4. Atakayeisoma kama gramu atatoa dozi mara kumi na tano na zaidi. Namba za Kirumi zinakuja baada ya kipimo, kwa hiyo gr. x ni grein 10, miligramu 648, yaani tembe mbili za kawaida za aspirini. T.d.s. ni mara tatu kwa siku na p.c. ni baada ya chakula. Hizo bado mnaziona kwenye karatasi za daktari hadi leo.

Gr. ¼ ya mofini ni miligramu 16, ambayo siku hizi hukatwa kuwa 15. Alama ya *ss* ni nusu, kwa hiyo "gr. iss" ni grein moja na nusu. Mwandiko ukiwa mbaya, *iss* hufanana na *iii*. Ukisita usikisie. Pima dozi dhidi ya kiwango cha kawaida cha dawa hiyo kwanza.

Grein hazikufa, zimejificha kwenye tembe. Tembe ya aspirini ya Marekani ni miligramu 325 kwa sababu ni grein 5. Ile ndogo ya 81 ni grein 1¼. Uingereza ilikata hesabu ikawa 300 na 75, ndizo tunazoziona zaidi kwenye maduka ya dawa hapa. Kodeini ya 15, 30 na 60 ni robo, nusu na grein nzima.

Hiyo m ni minimu, wala si mililita. Minimu 1 ya Uingereza ni mililita 0.059, minimu 60 ni dramu moja ya maji, mililita 3.55. M. xv ni mililita 0.89. Mtu akitoa mililita 15 za laudanamu ametoa mofini miligramu 150. Kwa mtu ambaye mwili wake haujazoea, hiyo inasimamisha pumzi.

Na tafadhali msipime minimu kwa matone. Tone la tinkcha yenye pombe ni dogo kuliko tone la maji, kwa sababu pombe haishikani kwa nguvu kwenye mdomo wa kidondoshi. Dramu moja ya maji hutoa kama matone 60, ya laudanamu hukaribia maradufu. Tumieni bomba la sindano la mililita 1.

Kijana_wa_Famasia

Mwalimu, na Antifebrin? Imeandikwa kama dawa ya homa na kichwa.

Dawa_na_Mizani

Asetanilidi, ilitoka 1886. Iliharibu damu: himoglobini hugeuka isiweze kubeba oksijeni, midomo ikawa ya samawati. Mwaka uliofuata ikaja fenasetini, ambayo ndiyo P katika vidonge vya A.P.C.: aspirini, fenasetini, kafeini. Hiyo nayo iliua figo za watu walioimeza kila siku kwa miaka, ikaondolewa sokoni. Zote mbili mwilini hugeuka kuwa paracetamol, ambayo ndiyo ilikuwa ikifanya kazi muda wote huo. Kwa hiyo ukikuta A.P.C. kwenye kitabu, usitafute mbadala wake wenye viungo vitatu. Paracetamol peke yake inatosha, mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa siku.

Fizio_Langata

Naingia upande wa umeme, na nitakaa hapo kidogo kwa sababu ndiko wanafunzi wanakochoma wagonjwa.

Majina elektrodi, anodi, kathodi, ioni, anioni na kationi yalitoka kwa Michael Faraday, 1834, akisaidiwa na William Whewell wa Cambridge. Kabla ya hapo watu walisema "pole", ncha, wakiamini ncha hiyo inavuta vitu kama sumaku. Faraday hakutaka jina linalodai jambo ambalo halijathibitishwa. Aliuona mkondo kama unaopita kutoka mashariki kwenda magharibi, sawa na jua: unapoingilia ni anodi, jua linapopanda, unapotokea ni kathodi, linaposhuka. Shikeni hilo: anodi ni mlango wa kuingilia mkondo kwenye kifaa. Haisemi chochote kuhusu rangi ya waya.

Vitabu vya tiba vya kale vina mikondo miwili. "Galvanic" ni mkondo wa upande mmoja usiokatika, kama wa betri. "Faradic" ni mapigo mafupi yanayotoka kwenye koili. Dawa hupitishwa kwenye ngozi kwa galvanic pekee. Njia hiyo leo ni iontoforesisi. Zamani waliiita kataforesisi, au "ionization" tu.

Kanuni: chaji zinazofanana husukumana. Salisilati, dawa ya jamii ya aspirini, ni ioni hasi (chembe yenye chaji hasi), kwa hiyo huwekwa chini ya elektrodi hasi, kathodi. Dawa ya ganzi, lidokeni haidrokloridi, ni ioni chanya, huwekwa chini ya anodi. Stéphane Leduc wa Nantes alilionyesha hili mwanzoni mwa karne ya 20 kwa sungura wawili waliounganishwa kwenye mkondo mmoja. Strikinini ilikuwa chini ya anodi ya wa kwanza, sayanidi chini ya kathodi ya wa pili. Wote walikufa, kila mmoja kwa sumu yake. Ncha zilipogeuzwa, sungura hawakudhurika.

Utaratibu wa salisilati ya sodiamu, kwa kifupi:

Dawa ya asilimia 2 ichanganywe na maji yaliyokenekwa. Usitumie maji ya mfereji wala maji ya chumvi, kwa sababu kloridi ni ioni hasi ndogo na nyepesi; itabeba mkondo na kuiacha salisilati nyuma. Osha ngozi, kagua kama ina mkwaruzo, pima hisia kwa kitu chenye ncha na kisicho na ncha. Asiyehisi asifanyiwe. Mwenye mashine ya moyo asifanyiwe. Mwenye mzio wa aspirini vilevile.

Pedi iloweke mpaka ienee, isidondoke. Kama mashine ni ya zamani yenye bamba la chuma, pedi iwe nene, karibu sentimita 1, na ilizidi bamba pande zote kwa sentimita 1 au 2, chuma kisiguse ngozi hata kidogo. Elektrodi ya pili iwe kubwa zaidi na iwe mbali.

Mkondo: chini ya kathodi usizidishe miliampia 0.5 kwa sentimita mraba, chini ya anodi 1.0. Ukitaka miliampia 4 kwenye kathodi, pedi isipungue sentimita mraba 8. Panda polepole kutoka sifuri, na shuka polepole mpaka sifuri kabla ya kuzima. Ukikata ghafla mgonjwa atashtuka. Dozi ya kawaida ni miliampia-dakika 40: miliampia 4 kwa dakika 10, au 2 kwa dakika 20.

Mgonjwa akisema panachoma sehemu moja ndogo, zima. Hapo pedi imekauka au imejikunja, na mkondo wote unapita kwenye nukta hiyo.

Nesi_Kayole

Kwa nini kathodi ipewe nusu ya kiwango cha anodi? Mkondo si ni uleule?

Mkemia_Ngara

Mkondo ni uleule, kemikali ndizo tofauti. Kathodi huvunja maji ikatoa haidrojeni na kuacha alkali. Anodi huacha asidi. Alkali huyeyusha mafuta na protini za ngozi ikazama ndani. Asidi hugandisha protini za juu, na ule mgando huizuia kidogo.

Piga hesabu. Miliampia-dakika 40 ni kulombu 2.4. Gawanya kwa 96,485, idadi ya kulombu katika moli moja ya elektroni, unapata maikromoli 25 za elektroni, na alkali ya kiasi hichohicho: karibu miligramu 1 ya soda kali. Ni kidogo, lakini ikikaa kwenye mililita 2 za maji ya pedi bila kitu cha kuidhibiti, pH hufika 12. Ndiyo sababu ya pedi nene, na ndiyo sababu elektrodi za leo hutumia fedha na kloridi ya fedha, ambayo hupokea mkondo bila kuvunja maji.

Hesabu hiyohiyo inatoa jibu jingine ambalo vitabu vya kale vilikwepa. Maikromoli 25 za salisilati ni miligramu 3.4. Huo ndio upeo, hata kama kila chembe ya mkondo ingebebwa na dawa, na kwa kweli sehemu kubwa hubebwa na sodiamu na kloridi za mwili wenyewe. Tembe moja ya aspirini ni miligramu 300. Kwa hiyo kitabu cha kale kikidai kwamba umeme "unajaza kiungo dawa", mjue dawa iliyoingia ni chini ya miligramu 3.4. Faida, ikiwapo, ni kwamba imekaa karibu na ngozi ya pale panapouma.

Fundi_Luthuli

Nawasalimu wakubwa. Swali na mchango. Kwenye betri tunaambiwa anodi ni hasi, kwenye mashine ya Fizio anodi ni chanya. Wateja hugombana nasi kila siku kwa hili. Nionavyo, ufafanuzi wa Faraday unamaliza ugomvi: mkondo unaingilia wapi?

Betri kavu ikitoa stima, ndani yake mkondo hutoka kwenye zinki kwenda kwenye kaboni. Zinki ndiyo mlango, kwa hiyo ni anodi, na kwa nje ndiyo alama ya kutoa. Betri ya simu ikichajiwa mkondo hugeuka, lakini watengenezaji wameamua grafati ibaki na jina la anodi daima. Diodi: mstari uliochorwa ni upande wa kathodi. Taa ya LED: mguu mrefu ni anodi, ubavu uliobapa ni kathodi. Na kwenye rektifaya, kifaa cha kugeuza AC kuwa DC, ncha chanya ya kutolea stima huchukuliwa kwenye kathodi za diodi, kwa sababu hapo ndipo mkondo unapotokea.

Sasa mchango. Mashine ya zamani ikija bila rangi au waya zimebadilishwa, msiamini rangi. Ichomoeni kabisa kwenye stima ya ukutani; kipimo hiki kifanywe kwa mashine ya betri tu. Multimita ni rahisi: weka kwenye volti za DC, ukiona namba bila alama ya kutoa, basi waya mwekundu wa mita uko kwenye ncha chanya. Bila mita, tumbukiza ncha zote mbili kwenye glasi ya maji yenye chumvi kidogo, ziwe mbali kwa sentimita 3 hivi. Yenye viputo vingi ni hasi, kwa sababu haidrojeni hutoka nyingi kuliko gesi ya upande wa pili.

Mnaweza pia kukuta kwenye boksi karatasi iliyoandikwa "pole-finding paper". Ina fenolfthaleini, kemikali inayogeuka nyekundu penye alkali. Ukiilowesha na kuigusisha ncha mbili, inageuka nyekundu kwenye ncha hasi. Wengi huona nyekundu wakafikiri ni chanya.

Fizio_Langata

Fundi, umesema kweli tupu. Hilo la karatasi nyekundu liandikwe ukutani.

Niongeze: mashine za TENS, zile ndogo za kutuliza maumivu kwa mapigo ya umeme, zinazouzwa mjini hazifai kwa iontoforesisi. Mapigo yake kwa kawaida huenda na kurudi kwa kiasi sawa, kwa hiyo hakuna ncha inayosukuma dawa upande mmoja. Kupaka jeli ya dawa chini ya pedi ya TENS hakuingizi dawa kwa umeme. TENS hutuliza kwa njia ya neva, ile nadharia ya lango ya Melzack na Wall, 1965. Na wazo la kutuliza maumivu kwa umeme ni la kale: Scribonius Largus, Mrumi wa karne ya 1, aliweka samaki mwenye umeme juu ya kichwa kinachouma.

Mzee_wa_Stoo

Watoto wangu, kuna chupa imeandikwa Spiritus Aetheris Compositus, kizibo kina chembe nyeupe pembeni. Nyingine ni Tinct. Opii, imebaki robo. Zimwagwe kwenye sinki?

Dawa_na_Mizani

Shikamoo mzee. Hiyo ya kwanza usiiguse, usiisogeze, usijaribu kufungua kizibo. Ni Anodaini ya Hoffmann, ina etha. Etha iliyokaa miaka mingi na hewa hutengeneza peroksidi, na chembe hizo nyeupe huenda ndizo. Peroksidi hulipuka kwa msuguano wa kizibo tu. Etha huchemka kwa nyuzi 34.6 usawa wa bahari. Kwa mwinuko wa Nairobi ni karibu 29, kwa hiyo chumba chenye jua la mchana kinatosha kujaza mvuke. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni mpaka ukutane na moto. Zima kila chenye cheche, funga mlango, waite wataalamu wa kemikali hatari.

Ya pili isimwagwe. Ni dawa inayodhibitiwa chini ya sheria ya mihadarati ya 1994. Iandikwe kwenye rejista mbele ya shahidi, ifungiwe, na mfamasia msimamizi awasiliane na Bodi ya Famasia na Sumu kuhusu kuiharibu. Pia pombe yake huwa imevukiza, kwa hiyo mofini kwa mililita yaweza kuwa zaidi ya lebo.

Kijana_wa_Famasia

La mwisho kwa Fizio: kuna mstari unasema "KCC > ACC > AOC > KOC". Ni dawa?

Fizio_Langata

Hapana kaka. Huo ni upimaji wa neva na misuli. K ni kathodi kwa tahajia ya Kijerumani, A ni anodi, C ya kati ni kufunga sakiti, yaani kuwasha mkondo, O ni kuifungua, yaani kuuzima, C ya mwisho ni msuli kujikunja. Msuli wenye neva nzima hujikunja kwa mkondo mdogo kabisa mkondo unapowashwa kwa kathodi, ndipo anodi ikafuata. Neva ikiwa imekufa, ACC hulingana na KCC au huizidi, na msuli hujikunja polepole kama mnyoo. Ukikuta kwenye faili la zamani "R.D." (reaction of degeneration), ndiyo hali hiyo, na mgonjwa wa aina hiyo usimwekee pedi ya galvanic kabla ya kupima hisia za ngozi yake.